Kesi ya Kijiti cha Paa Langu

Siku moja, nami naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, nilirudi nyumbani kutoka safarini nikasikia kilio tangu kule barabarani. Kwetu huku Ndhiwa, mwanangu, mtu hafiki matangani kimya kimya kama mwizi wa kuku. Unaanza kulia ukiwa bado mbali, watu wajue umekuja na umeumia. Basi nikatua furushi langu, nikafikiri haraka ni nani aliyekufa, na nikaona hawezi kuwa mwingine ila nyanya yangu aliyenilea, Dani, ambaye alikuwa mzee hata meno yalikuwa yamemtoka zamani. Nikaanza kukimbia huku nikilia kwa nguvu zangu zote:

"Dani! Dani wangu! Nani atanikaripia sasa?"

Dani akatoka jikoni, kiko mdomoni.

"Ni nani huyo ananililia," akauliza, "nami sijamaliza kula?"

Watu wakageuka. Wakaniangalia. Mama mmoja akaangusha kibuyu cha uji, kisha uwanja wote ukakimbia. Wa kwanza kuruka ua alikuwa binamu yangu Ochola, ambaye nilisikia baadaye ndiye aliyekuwa akilia kuliko wote. Alikuwa na kofia mpya siku hiyo. Kofia ilibaki kwenye miiba, yeye akaendelea.

Dani hakukimbia. Alinikaribia, akanishika sikio, akalivuta mpaka nikapiga kelele. "Hii ni nyama," akawatangazia waliokuwa migombani. "Rudini. Maiti halilii sikio."

Ndipo nilipojua kwamba yale matanga yalikuwa yangu.

Mke wangu, ambaye watu humwita Nyar Karungu kwa kuwa alizaliwa Karungu, alikuwa amekaa chini na kamba ya ujane kiunoni. Aliinuka polepole.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafuata lori."

"Lori gani?"

"Lilipita Isebania limebeba mtambo wa kuchimba barabara, mkubwa kama nyumba. Nilitaka kujua linaupeleka wapi."

Tangu palizi mpaka mavuno nilikuwa njiani na lori hilo, nikawa utingo wake, tukavuka mpaka, tukafika Musoma na mbele ya Musoma. Waliokuwapo waliniambia kwamba siku zote za msiba Nyar Karungu hakuwa ametoa chozi hata moja, kwa kuwa hakuamini. Sasa akalia. Alilia kwa hasira.

Acha nikueleze nilivyokufa, maana si kila mtu hupata nafasi ya kueleza. Kazi yangu wakati ule, miaka ile ya kwanza kwanza baada ya Uhuru, ilikuwa kununua samaki wakavu kisiwani Takawiri na kuwauza Isebania. Nasema kazi, lakini ukweli ni kwamba miguu yangu haikujua kukaa. Shule niliiacha darasa la nne, siku nilipowafuata watu waliokuwa wakipima barabara kwa minyororo, nikasahau kurudi. Wakaniita Jawuoth, yaani msafiri, na jina likashika kuliko la ubatizo. Sasa, kabla ya kulifuata lile lori, nilikuwa nimemuuzia mvuvi mmoja wa Takawiri koti langu. Mtumbwi wake ukapinduka. Yeye aliogelea akaokoka, lakini koti likaelea mpaka ufuoni Homa Bay, na kila mtu sokoni alilijua koti lile. Mimi sikuwapo kusema kwamba ni mzima. Sikuwa nimemwambia mtu ninakokwenda. Habari ikafika kwetu: Jawuoth kafa maji.

Hayo yangeisha siku ileile kwa kicheko na uji. Lakini nilipoinua macho kutazama nyumba yangu, haikuwa na paa.

Mabati yale, mwanangu, niliyachukua kwa mkopo. Rika langu walikuwa wakirudi kutoka mashamba ya chai na kutoka polisi wakiezeka mabati, nami nyumba yangu ya nyasi ilivuja hata tukawa tunahamisha kitanda kufuata pakavu. Kulikuwa na kampuni Homa Bay iliyotoa mabati ukalipa kidogo kidogo, na karani wake, Zakayo, alikuja Ndhiwa kila siku ya soko kupokea malipo. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Wengine husema hivyo kwa mfano. Kwangu matanga yalikuja na wapishi. Na nilikuwa nimebakisha kidogo tu.

Kumbe mkataba ulisema mkopaji akifariki, kampuni inaweza kuchukua mali yake bila kungoja. Zakayo alisikia habari za koti akaja na lori na vijana wawili. Wakafungua mabati yote. Hilo ningelivumilia. Lakini juu kabisa ya paa letu, kwa Wajaluo, husimama kijiti kilichochongwa, tunakiita osuri. Kijiti hicho ndicho kinachosema humu ndani kuna mwanamume, naye yu hai. Siku anapokufa, watu wa nyumbani hukiteremsha, na anayepita barabarani akiona paa halina kijiti huvua kofia. Fundi wangu alitoboa bati la kileleni, nikakisimamisha changu mwenyewe, nikakiziba kwa lami, na hakuna aliyekuwa nacho kilichonyooka kama hicho.

Dani alikuwa amekataa kisiteremshwe. Alisema hajaona maiti. Zakayo, naye ni Mjaluo kama mimi, alijiona mtu wa heshima: akasema hawezi kuchukua paa la marehemu akaacha osuri, hiyo ni dharau. Akakiteremsha. Akakipakia katika lori pamoja na mabati. Na aliyemshikia ngazi ni Ochola.

Sasa nikaanza kwenda mlangoni mwangu. Wazee wakanizuia. "Huingii," wakasema. "Nyumba hiyo haina mwenyewe." Nikasema mwenyewe ni mimi. Wakasema wanajua, lakini hawajawahi kuona mtu ambaye osuri yake ilishuka akarudi, kwa hiyo hawajui anaingiaje. Mmoja akasema nichinjiwe kondoo. Mwingine akasema nihame nijenge boma jipya. Wa tatu akasema afadhali ningekawia mpaka wakubaliane.

Usiku huo nililala zizini, na Nyar Karungu jikoni kwa Dani.

*

Nilikwenda Homa Bay nikidhani ni jambo la kumalizwa kwa maneno mawili. Zakayo alikuwa nyuma ya meza yake, kalamu sikioni.

"Jina?" akaniuliza.

"Zakayo, si tumekunywa chai pamoja juzi juzi?"

"Jina."

Nikamtajia. Akafunua faili, akasoma, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huyu alikufa maji."

"Ni mimi huyu!"

"Mimi nakujua, omera, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa meneja alikuwa chumba cha pili. "Lakini ofisi haikujui. Hapa ofisini wewe ni marehemu."

"Basi nimalize deni, unirudishie mabati."

"Marehemu halipi. Ukinipa pesa nitaandika risiti ya nani?"

"Na kijiti changu?"

"Kiko stoo. Kimeandikwa pamoja na mali iliyokamatwa." Akaniangalia kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Leta barua ya chifu kwamba u hai. Nitampa meneja."

Nikaenda kwa chifu. Chifu alifurahi mno kuniona. "Jawuoth! Karani wangu alikuwa amekufuta katika watu wa kodi. Kumbe u hai! Basi kodi ya mwaka huu iko wapi?"

Nikaanza kupapasa mifuko.

"Na ya mwaka jana?"

"Mwaka jana nilikuwa hai, mkubwa, lakini sikuwapo."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema barua ya uhai haitoki mpaka kodi iingie. Nilirudi nyumbani nikiwaza, na sikufichi, majirani walinishauri vizuri sana. Mmoja alisema, "Omera, kaa hivyo hivyo. Mtu aliyekufa askari wa kodi hamkimbizi porini. Mimi ningepata bahati hiyo ningekufa kila mwaka." Wazo lilinikaa kichwani kwa siku kadhaa. Nililieleza jikoni nikiwa nimesimama mlangoni, kwani huko pia sikuruhusiwa kukaa sana.

Nyar Karungu alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuinua kichwa.

"Jana kisimani wamenipisha," akasema. "Wameniambia mjane atangulie. Ochola amekuja mara mbili kuniuliza kama kuna kazi ya mwanamume hapa. Ukikubali kufa kwa ajili ya kodi, mimi nitarithiwa na Ochola kwa ajili ya kodi. Mabati ni ya mvua, Jawuoth. Hicho kijiti ni changu. Nenda ukalipe."

Nikaenda gatini Homa Bay nikabeba magunia mpaka kodi ikatimia, chifu akaniandikia barua, nikaipeleka kwa kampuni. Meneja akaisoma akajibu kwamba barua inasema niko hai sasa, lakini haisemi kwamba nilikuwa hai siku ile mabati yalipochukuliwa. Ndipo nikashtaki.

*

Kwanza nilishtaki katika baraza la wazee wa mahakama ya Kiafrika pale Ndhiwa. Hao hawakuhitaji kuelezwa osuri ni nini. Shida ilikuwa kwamba waliielewa kupita kiasi. Kila kikao walibishana juu ya kondoo na juu ya kuhama boma, na mmoja alisema hajawahi kusikia shauri lililoletwa na marehemu, aachwe afikirie. Alikwenda kufikiria. Kabla hajarudi, serikali ikazifunga mahakama zile, mafaili yakahamishwa kwa hakimu Homa Bay, na faili langu likachukua muda mrefu zaidi kufika Homa Bay kuliko koti langu lilivyochukua kwa kuelea.

Mvua zikapita, na zikaja nyingine. Kuta za nyumba yangu zikaanza kumomonyoka, nyoka akazaa pale palipokuwa kitanda. Nilijijengea kibanda cha nyasi nje ya ua, bila kijiti, kwa kuwa nilichotaka ni kile changu. Kila siku ya kesi nilitembea kwenda Homa Bay, na Nyar Karungu nyuma yangu, na Dani nyuma yake na kiko chake, na nyuma kabisa Ochola, ambaye kampuni ilimfanya shahidi wake na kumlipia chai.

Wakili wa kampuni alitoka Kisumu kwa gari dogo jeusi. Wewe unaijua ile ardhi yetu nyeusi ikinyeshewa. Asubuhi moja tulimkuta njiani gari limezama mpaka tumboni, naye amesimama kando na viatu mkononi. Ochola akasema hawezi kusukuma, yeye ni shahidi. Basi nikasukuma mimi, Nyar Karungu akasukuma, matope yakatupaka mpaka nyusi. Gari likatoka.

"Asante sana, ndugu," wakili akaniambia akifuta uso. "Unaelekea wapi?"

"Unakokwenda wewe. Mimi ndiye yule marehemu."

Alitupakia hivyo hivyo. Dani alikaa mbele.

Hakimu alikuwa kijana kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata watu wengine walikuja mahakamani kukisikiliza tu, kesi si yao. Alisoma faili, akageuza karatasi, akageuza tena. Kijiti kilikuwa kimeletwa kutoka stoo ya kampuni, kimelazwa mezani mbele yake.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mheshimiwa," nikasema, "hicho ni mimi."

Askari aliwanyamazisha watu. Wakili akainuka akasema kampuni iko tayari kulipa thamani ya kijiti hicho mara moja, na thamani yake ni ya kuni. Kuhusu mabati, akasema, kampuni ilifuata mkataba, kwani kwa mila za mdai mwenyewe mtu ambaye kijiti chake kimeshuka amekufa. Akamwita Ochola kizimbani.

Ochola aliapa. Alikuwa na kofia nyingine mpya.

"Unamjua mdai?" wakili akauliza.

"Namjua. Alikuwa ndugu yangu."

"Kwa nini unasema alikuwa?"

"Kwa sababu osuri imeshuka."

Hakimu akaegemea mbele. "Shahidi, yule pale aliyesimama ni nani?"

"Ni Jawuoth, Mheshimiwa."

"Yu hai au amekufa?"

Ochola alinitazama, akamtazama Nyar Karungu, akatafakari. "Mwili wake uko hai, Mheshimiwa," akasema. "Nyumba yake ndiyo imekufa. Na mke ni wa nyumba."

Nyar Karungu alivua kiatu. Askari alimrudisha kwenye benchi, lakini nilimwona askari mwenyewe akigeukia ukuta apate kucheka.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Nilikuwa nimeyakariri njiani kwa miezi. Hakimu hakuniita. Alimwita Dani, ambaye alikuwa amelala, wakamwamsha.

"Bibi, mila inasema nini kuhusu jambo hili?"

"Mila inasema mtu aliyekufa huzikwa," Dani akajibu. "Waulize hawa tulimzika wapi."

"Na kijiti?"

"Kijiti kinashushwa na watu wa nyumbani wakishaona maiti. Hawa wa kampuni waliona koti. Mjukuu wangu ni mjinga, bwana hakimu, sikatai, anafuata malori. Lakini ujinga hauui mtu siku hiyo hiyo."

"Nani alitoa ruhusa ya kukishusha?"

"Yule mwenye kofia. Yeye ni mtoto wa ndugu. Kijiti cha mwanamume hakishushwi na anayesubiri sahani yake."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaahirisha kesi, kwa kuwa hilo ndilo jambo mahakimu hufanya. Tuliahirishwa kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya wakili kuugua, na mara moja kwa kuwa ufunguo wa kabati lenye kijiti ulikuwa umekwenda likizo na karani. Wenzangu walikuwa wakiniambia niache, mwenye nguvu mpishe. Kampuni nayo ikatuma mtu kuniambia itanipa mabati mapya, mazito kuliko yale, nikiacha kesi na kijiti kikabaki kwao. Nilimuuliza Nyar Karungu. Akauliza kama mabati hayo mapya yataweza kuwaambia watu wa kisimani kwamba yeye ana mume. Yule mtu akarudi alikotoka.

Siku ya hukumu mahakama ilijaa mpaka madirishani. Hakimu akasema kwa kile Kiswahili chake kwamba koti si mtu. Akasema kampuni haikuwa na haki ya kuhesabu mtu amekufa kwa uvumi wa sokoni, na kuchukua kijiti kisichokuwa katika mkopo ni kumchukulia mtu heshima yake. Mdai yu hai, na alikuwa hai siku zote. Deni dogo lililobaki alipe. Kampuni irudishe paa kama lilivyokuwa, pamoja na kijiti mahali pake.

Wakili alikuja kunipa mkono. Nyar Karungu akaangua kigelegele ndani ya mahakama akatozwa faini, nikailipa nikicheka.

*

Hadithi ingeishia hapo kama ningekuwa na akili. Sasa sikia upumbavu wenyewe, maana ndio niliokuitia.

Zakayo alikuja na lori lilelile, mabati, na fundi. Kijiji kizima kilikuwa pale. Kuta tulikuwa tumezikandika upya. Kufikia saa tisa mabati yalikuwa juu, yakimeta, na mawingu meusi yalikuwa yanapanda kutoka ziwani. Kilibaki kijiti. Zakayo akakitoa katika gunia, akaninyoshea kwa mikono miwili.

Nikafunga mikono kifuani.

"Hukumu inasema kampuni irudishe," nikasema. "Panda wewe."

Zakayo alidhani ninatania. "Jawuoth, kisimamishe tumalize. Mvua inakuja."

"Mlikishusha, mkirudishe. Hivyo ndivyo alivyosema hakimu."

"Yawa!" Zakayo akapiga kelele. "Nisimamishe osuri juu ya nyumba yako? Unataka nimwoe mke wako mbele ya watu, na wangu yuko nyumbani ananisubiri?"

Watu wakaangua kicheko. Na hapo alikuwa anasema kweli: kijiti hicho husimamishwa na mwenye nyumba, au kwa neno lake na watu wake. Mgeni akikisimamisha kwa mkono wake, nyumba inamhesabu kuwa ndiye mume. Fundi naye akasema yeye ni Mkisii, mila hizo hazimhusu, lakini hata kwa malipo hapandi. Kisha sauti ikatoka nyuma:

"Mimi ni ndugu. Ninaweza kusaidia."

Alikuwa Ochola. Nyar Karungu aliinama akachukua ukuni, na Ochola akaondoka bila kuhitimisha hoja yake.

Mtu mwenye akili angecheka akapanda. Mimi nilikuwa nimezoea kesi. Miaka yote ile nilikuwa mtu wa mahakamani, watu walinijua Homa Bay, karani wa mahakama alinisalimu kwa jina, nilijua maneno kama kielelezo na mdai. Nilijiona nikirudi kulima mahindi nikaona kama ninateremshwa cheo. Nikasema, "Basi nitarudi kwa hakimu atufafanulie hukumu yake." Na kweli, mwanangu, nikachukua kofia yangu. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kugonga yale mabati.

Dani alikuwa amekaa kwenye njia, juu ya kigoda. Hakuondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa hakimu."

"Hakimu alisema nini kuhusu wewe?"

"Alisema mimi ni hai."

"Alisema mara moja au mara mbili?"

"Mara moja, Dani."

"Inatosha. Sasa unataka aje pia aishi badala yako? Aje alale kwenye kitanda chako, apalilie shamba lako, amzalishe mke wako? Ulipokuwa umekufa tulikulilia. Ulipokuwa na kesi tulikufuata kwa miguu. Leo umeshinda, na unatutoroka tena kama ulivyotutoroka kwa ajili ya lori. Kuna watu kesi ikiisha huhuzunika kama wamefiwa. Ukipita hapa, mimi mwenyewe nitakitia kijiti hicho motoni, na kwa hilo sihitaji kushikiwa ngazi."

Nilipogeuka, Nyar Karungu alikuwa ameshaegemeza ngazi ukutani. Aliishika chini kwa mikono miwili, akawa ananiangalia tu, na mvua inamnyeshea usoni.

Nikakichukua kijiti mikononi mwa Zakayo, nikapanda. Mabati yalikuwa yanateleza. Nikakisimamisha kijiti katika tundu lake, fundi akanirushia lami, nikakiziba. Na hapo juu nikaona mbali ajabu: ziwa, na milima ya Gwassi, na upande wa pili barabara ya kwenda Isebania ikipinda pinda katika mvua, na kitu kama lori kinatembea juu yake. Nikakiangalia. Nikajiuliza kimebeba nini.

"Jawuoth!" Nyar Karungu akapaza sauti kutoka chini. "Nakuona! Shuka uje ndani."

Nikashuka nikaingia ndani. Tulikaa tukisikiliza mvua juu ya mabati, ambayo hupiga kelele hata mtu hawezi kusema neno. Hakuna kondoo aliyechinjwa. Wazee hawajakubaliana mpaka leo.

Mwanangu, ninayotaka uyashike ni haya. Kuzunguka si dhambi, nami sitakuambia ukae, kwani nami sikukaa. Lakini ukitoka, mwambie mtu unakokwenda, hata kama ni kufuata lori, kwa sababu ukinyamaza watu watajaza hadithi yako kwa mikono yao, na si kila mkono unakupenda. Ukikopa, soma mkataba mpaka pale panaposema ukifa itakuwaje. Mwenye nguvu akikuonea, usimpishe tu kwa kuwa ana ofisi na kalamu. Ofisi pia hukosea, na kuna hakimu atakayeona kwamba koti si mtu. Pigania haki yako hata wakikucheka, na uwasikilize wanaotembea nyuma yako kwa miguu, kwani kesi ni yao pia. Lakini haki ikija mlangoni, ipokee. Usiiambie isubiri nje mpaka adui yako apige magoti kama ulivyoota. Wengi nimewaona wakishinda mahakamani wakashindwa nyumbani, na hukumu wanayo sandukuni imekunjwa vizuri.

Sasa nenda. Mungu akufungulie njia mbele na akutunzie mlango nyuma. Akupe adui wa kuchekesha, na mtu wa kukuambia imetosha siku ambayo wewe mwenyewe hujui. Mkate wako usikauke, jina lako lisitajwe kwa huzuni kabla ya wakati wake, na wakati wake utakapofika, wawe wengi wanaojua hasa ulikuwa wapi.